Kwa nini shairi moja la Emily Dickinson lina beti tano hapa na sita pale?

Swali: Nafundisha fasihi ya Kiingereza sekondari. Shairi la Emily Dickinson linaloanza "Because I could not stop for Death" ninalo katika nakala mbili. Kitabu cha zamani kina beti tano na kichwa cha habari "The Chariot". Nakala niliyoitoa kwenye intaneti ina beti sita, haina kichwa, na imejaa vistari na herufi kubwa kila mahali. Ipi sahihi? Na nikitaka kuwatafsiria wanafunzi kwa Kiswahili, nifuate ipi na niangalie nini?

Jibu: Mwalimu, fuata ya beti sita. Ile ya beti tano ilitoka Boston mwaka 1890, miaka minne baada ya mshairi kuzikwa. Wahariri wake wawili waling'oa ubeti mzima, wakabadili maneno, wakabandika kichwa ambacho mwenyewe hakukiandika. Ya beti sita inafuata mwandiko wake. Jibu lingeweza kuishia hapo, ila umetaja kutafsiri, na yale waliyoyafanya wahariri hao ndiyo hasa anayovutwa kuyafanya mfasiri wa Kiswahili, tena kwa nia njema. Kwa hiyo inafaa kujua walifanya nini, na kwa nini.

Dickinson, mshairi wa Marekani, alizaliwa mji wa Amherst, jimbo la Massachusetts, tarehe 10 Desemba 1830, na akafia hukohuko tarehe 15 Mei 1886. Katika mashairi yake yapatayo 1,800, yaliyochapwa akiwa hai ni kumi tu, na yote yalitoka bila jina lake. Alipofariki, mdogo wake Lavinia alichoma barua ambazo dada yake alikuwa ameandikiwa na watu, maana ndivyo alivyoagizwa. Kisha akakuta kitu ambacho hakikuwa na agizo: vijitabu 40 vilivyoshonwa kwa mkono, pamoja na rundo la karatasi nyingine.

Vijitabu hivyo ndivyo mzizi wa swali lako. Dickinson alichukua karatasi za barua zilizokunjwa katikati, kila moja ikiwa na kurasa nne, akanakili mashairi humo kwa wino. Karatasi zilipotosha alizipanga moja juu ya nyingine (hakuzipachika moja ndani ya nyingine kama daftari la shule), akatoboa matundu mawili ubavuni, akafunga kwa uzi. Aliifanya kazi hii kati ya 1858 na 1864 hivi, na mashairi zaidi ya 800 yamo humo. Mara nyingi, neno asiloliamulia aliliwekea alama ya kujumlisha, kisha chini ya shairi akaandika neno jingine au maneno kadhaa ya kushika nafasi hiyo, bila kulifuta la kwanza. Miaka ya baadaye aliacha kushona. Akawa anaandika kwenye karatasi huru, migongo ya bahasha, hata karatasi ya kufungia chokoleti.

Ndiyo maana neno "sahihi" lina mpaka wake kwa mshairi huyu. Chukua shairi linaloanza "Safe in their Alabaster Chambers". Ubeti wa pili alioandika 1859 una upepo unaocheka na nyuki anayevuma. Mwaka 1861 aliandika ubeti mwingine, wenye miaka inayopita kwa fahari juu ya makaburi. Susan, wifi yake aliyekaa nyumba ya jirani, akamjibu kwamba haukumridhisha. Emily akamtungia mwingine tena. Lakini mwaka uliofuata, alipomtumia shairi hilo mhakiki mmoja, alimpelekea ubeti uleule ambao Susan aliukataa. Hapo mhariri achague upi? Ukimwambia mwanafunzi kwamba huu ni rasimu na huu ndio wa mwisho, unamlisha jambo ambalo miswada haisemi. Shairi lako, kwa bahati, halina mgogoro wa namna hiyo.

Sasa mikono iliyolipitisha. Lavinia alimpa Susan miswada kwanza, lakini Susan alikwenda polepole. Lavinia akampelekea Mabel Loomis Todd, mke wa profesa wa elimu ya nyota katika Chuo cha Amherst. Mabel hakuwahi kukutana na Emily uso kwa uso, ila alikuwa mpenzi wa siri wa Austin, kaka yake Emily, ambaye ndiye mume wa Susan. Siri yenyewe haikuwa siri sana pale mjini. Hivyo basi, tangu siku ya kwanza miswada ilikuwa katikati ya nyumba mbili zisizosemezana. Shairi moja la kumsifu Susan lilikutwa limechorwachorwa kwa wino ndani ya kijitabu ili lisisomeke.

Mwenzake Mabel katika kuhariri alikuwa Thomas Wentworth Higginson, yule mhakiki. Emily alimwandikia kwa mara ya kwanza tarehe 15 Aprili 1862 kumuuliza kama mashairi yake yana uhai. Wapo wanaomcheka Higginson kwa masikio yake mazito, lakini tumtendee haki: alikuwa mpinzani wa utumwa aliyeongoza kikosi cha askari weusi katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na bila jina lake mbele ya kitabu, huenda mchapishaji asingethubutu. Aliogopa tu kwamba wasomaji wangeliona jambo geni likawashinda. Wawili hao walitoa mashairi 115 mwaka 1890, wakaongeza kitabu cha pili 1891. Cha tatu, cha 1896, Mabel alikihariri peke yake.

Austin akafa 1895. Ukazuka ugomvi wa kipande cha ardhi alichotaka Mabel akipate. Lavinia alitia saini hati ya kukitoa, kisha akageuka akamshitaki, na 1898 mahakama ikampa ushindi. Mabel akayafungia kwenye sanduku mamia ya mashairi yaliyokuwa bado mikononi mwake. Upande wa pili, binti wa Susan, Martha Dickinson Bianchi, alianza kuchapa yaliyokuwa kwao mwaka 1914. Binti wa Mabel, Millicent Todd Bingham, akatoa 1945 mengine zaidi ya 600. Kwa karibu miaka sitini hakuna msomaji aliyeweza kuyaona yote pamoja. Thomas H. Johnson ndiye aliyeyakusanya pande zote mbili mwaka 1955, mashairi 1,775 kwa mpangilio wa miaka, akayaachia vistari na herufi kubwa zake. R. W. Franklin alifuatia. Kwa kuwa Mabel alikuwa amefumua nyuzi za vijitabu, Franklin alirudisha mpangilio kwa kulinganisha matundu ya sindano, madoa na aina za karatasi. Alichapa picha za vijitabu 1981 na toleo lake kamili 1998, lenye mashairi 1,789. La Cristanne Miller la 2016 lina faida moja kubwa: maneno mbadala yamewekwa kando ya ukurasa, yanaonekana kwa jicho moja.

Turudi kwenye shairi lako. Mauti anakuja na gari la farasi, anamchukua nafsineni (yule anayesema "mimi" katika shairi), wanapita shuleni, mashambani, machweo, wanafika kaburini. Wahariri wa 1890 waliligusa mahali panne.

Ubeti wa tatu, Dickinson aliandika kwamba watoto "strove / At Recess – in the Ring": walikuwa wakishindana, wakati wa mapumziko, katika duara. Wahariri wakaweka "played, / Their lessons scarcely done", yaani walicheza, masomo ndiyo kwanza yamekwisha. Kwa nini? Tazama mshororo wa nne unaoishia "Sun". "Ring" na "Sun" havitoi kina kamili. "Done" na "sun" vinatoa. Kwa ajili ya kina kimoja tumepoteza duara, na tumempoteza mtoto anayepambana hata saa ya mapumziko, neno linalojibizana na ubeti wa pili ambako nafsineni ameweka kando kazi yake na pia mapumziko yake.

Ubeti wa nne waliuondoa wote. Ndio huo unaokosekana kwenye kitabu chako, na kwa maoni yangu ndio kiini cha shairi. Ubeti wa tatu umeishia wakilipita jua linalotua. Wa nne unajisahihisha papo hapo: au tuseme, lenyewe lilitupita sisi. Umande unashuka, baridi inaingia, na ndipo tunagundua nafsineni amevaa gauni jepesi kama utando wa buibui na kitambaa cha shela mabegani. Kabla ya hapo ilikuwa matembezi. Kuanzia hapo msafiri hana la kufanya, vitu vinampita yeye. Hata mizani inageuka. Beti nyingine zinakwenda silabi 8, 6, 8, 6. Huu unakwenda 6, 8, 8, 6, kama gurudumu lililoingia shimoni. Vina vyake, "chill" na "Tulle", vinagusana tu.

Ubeti wa tano, ambako kaburi limechorwa kama nyumba, Dickinson alimaliza mshororo wa pili na wa nne kwa neno lilelile, "Ground". Wahariri wakaona ni uvivu, wakaweka "mound" mwishoni. Lakini kurudia ardhi, ardhi, ndiko kuzika kwenyewe: kila unapotazama nyumba ile, unarudishwa chini.

Ubeti wa mwisho, yeye anasema karne zimepita "and yet" zinahisi fupi kuliko siku ile. Wao wakaandika "but each", yaani kila karne moja ni fupi kuliko siku ile. Hesabu imebadilika. Kwake, karne zote kwa pamoja zinazidiwa urefu na siku moja.

Kwa hiyo, ukitaka kukagua nakala yoyote kwa dakika moja: hesabu beti, tafuta "strove", kisha tazama neno la mwisho la ubeti wa "nyumba". Tahadhari tu kwamba ziko nakala za mchanganyiko, zenye beti sita na maneno sahihi lakini zimefutwa vistari na kupangwa mikato ya kawaida. Kwa kusimulia maudhui zinatosha. Kwa kuchambua mtindo hazifai, kwani utakuwa unachambua mikato ya mtu mwingine. Dickinson mwenyewe hakulichukulia hilo kuwa jambo dogo. Gazeti la Springfield lilipochapa shairi lake la nyoka mwaka 1866, liliweka alama ya kituo mwishoni mwa mshororo wa tatu. Akamwandikia Higginson kulalamika kwamba mshororo huo umeharibiwa na kituo hicho, kwa sababu wa tatu na wa nne ulikuwa mmoja.

Ukitaja shairi katika notisi zako, tumia namba, kwa kuwa hakuyapa vichwa isipokuwa machache sana. Johnson ana namba zake na Franklin zake. Hili ni J712 na Fr479. La nyoka ni J986 na Fr1096, na lile la vyumba vya alabasta ni J216 na Fr124. Ukiandika namba bila herufi, mwanafunzi atafungua shairi jingine kabisa. Picha za miswada ziko wazi kwenye intaneti tangu 2013, kwa juhudi za Harvard, Chuo cha Amherst na maktaba nyingine. Zitazame angalau mara moja: vistari vyake vingine ni virefu, vingine ni kama nukta iliyovutwa, na si rahisi kila mara kujua kama herufi ni kubwa au ndogo. Hata toleo bora la chapa ni uamuzi wa mhariri.

Sasa tafsiri. Mizani ya 8-6-8-6 ni ya nyimbo za kanisani. Dickinson alikua akiisikia, na ndiyo maana shairi lake laweza kuimbwa kwa tuni ya "Amazing Grace". Masikio ya Kiswahili yatakuambia mara moja: mizani nane, huo ni utenzi. Kishawishi ni kikubwa, na kuna siku kinafanikiwa. Tazama mishororo miwili ya kwanza:

*Mauti sikumngoja*
*Akanipitia*

Nane na sita, bila kulazimisha. Na "akanipitia" ni zawadi ya lugha yetu, maana jirani mwenye gari ndivyo anavyokufanyia: anakupitia. Ukiandika "akanisimamia" umeharibu, Mauti amekuwa msimamizi wa mtihani. Lakini pima kilichobaki nje. Dickinson alisema *kwa kuwa* hakuweza kusimama, sisi tumesema hakungoja. Alisema Mauti alifanya hivyo *kwa wema*, sisi hatukusema. Ukirudisha la kwanza tu, "Kwa kuwa sikuwa na nafasi ya kumngoja Mauti", umefika mizani 18 mahali pa nane. Silabi moja ya Kiingereza yaweza kuwa neno zima, na Kiswahili hakina nafuu hiyo. Kwa hiyo amua kabla ya kuanza: ama mizani, ama maneno. Kwa darasa ningechukua maneno, katika shairi huru lenye vistari vyake, na utenzi uwe zoezi la wanafunzi baadaye.

Hatari zaidi ni vina. Utenzi unadai kina kimoja katika vipande vitatu na kingine cha kufungia. Ukitimiza hayo, kila ubeti utafunga kwa mlio safi, nawe utakuwa umemkarabati Dickinson kama alivyokarabatiwa 1890. Vina vyake vimelegezwa makusudi, na msomaji habaki na uhakika kamili. Kiswahili kinaweza kuleta hali hiyo kwa urahisi: tunza irabu ya mwisho, badilisha konsonanti. *Baridi* na *mabegani* havina kina kwa kipimo cha mashairi yetu ya kimapokeo, lakini sikio linasikia undugu. Hicho ndicho kipimo cha "chill" na "Tulle".

Ngeli itakusumbua, na hapa usikimbilie. Kwa Kiingereza Mauti ni "He", bwana mwenye adabu. Ukitumia "kifo kikanipitia", bwana amekuwa kitu. Ukitumia "mauti yakanipitia", amekuwa tukio, kama mafuriko. Mpe upatanisho wa mtu, "Mauti akanipitia", na herufi kubwa, hata kama mwalimu wa sarufi atakunja uso. Katika ubeti wa nne kuna tatizo la kinyume: jua nalo ni "He", hivyo msomaji wa Kiingereza anasita kidogo, nani alitupita, jua au Mauti? Kiswahili kikisema "lilitupita", kusita kumekwisha. Sijaona njia safi ya kulitatua hilo. Unaweza kuandika "alitupita" na kulifanya Jua mtu, na mimi ningefanya hivyo.

Maneno machache ya kushika. "Civility" ni uungwana, neno linalokaa pale kana kwamba lilikuwa likingojwa. "Tulle" ni kitambaa cha shela, na shela inaleta harusi kama inavyoleta kwake. Usiweke "sanda", kwa sababu yeye hakuisema, anaiacha tuihisi. "Surmised" si "nilijua" bali "nilihisi". Na kosa ninalolitarajia kuliko yote: kutumia "umilele" mara mbili. Shairi linaanza na "Immortality" ameketi garini kama abiria wa tatu, linaishia na farasi kuelekea "Eternity". La kwanza liwe "Kutokufa", la pili "Umilele". Ukiyaunganisha, safari inaishia pale ilipoanzia.

Wanafunzi watauliza kama mshairi alikuwa anataka kufa, na watakuwa wamesoma kuhusu gauni jeupe alilovaa na mlango aliojifungia. Wape barua yake ya Julai 1862 kwa Higginson: alimwambia kwamba anaposema "mimi" katika shairi, si yeye, ni mtu wa kudhaniwa. Nafsineni na mshairi alikwisha kuwatenga mwenyewe, kabla ya vitabu vyetu vya uhakiki.

Mwisho, haki za kuchapa. Toleo la 1890 liko huru, yeyote anaweza kulichapa, na ndiyo sababu vitabu vya bei rahisi vimelijaza. Matini ya Johnson na ya Franklin iko chini ya Harvard. Kusoma na kujadili darasani hakuna shida, lakini siku utakapotaka kutoa kitabu chenye Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, waandikie kwanza wachapishaji wa chuo hicho, na kwenye ukurasa wa mwanzo taja ni toleo la nani ulilotafsiri.